Gauni la Krimplini na Koti la Tetroni

Mama yangu amezaa watoto saba, na hakuna hata mmoja wetu asiyejua habari za gauni lake. Ni gauni jeupe la krimplini, kile kitambaa kizito cha zamani kisichojua kukunjamana, alilofungia ndoa miaka hamsini iliyopita. Miaka ishirini na mitano baadaye, kwenye jubilei ya fedha, alilivaa tena mbele ya kanisa zima, na kwa maelezo yake liliingia lenyewe, bila kusukumwa. Tangu siku hiyo hatujapumua. Nikiongeza kijiko cha wali, ananitazama kiunoni na kusema, "Weye umezaa wawili tu umekuwa pipa. Miye saba, na gauni liliingia."

Mimi ni karani wa mizigo bandarini Kigoma. Kazi yangu ni kuandika kilichomo ndani ya gunia, si kile mwenye gunia anachosema kimo. Mtu akiniambia ni mahindi, natia mkono. Kazi hiyo imenipa ulimi ambao watu hawaupendi sana, na ziko siku hata mimi mwenyewe nauchoka. Nasema haya mapema ili ujue nilivyoteseka katika habari hii.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya jubilei ya dhahabu. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, baba alitoa suti yake sandukuni ili aijaribu. Nayo ni ya ndoa ile ile: koti la tetroni la kijivu lenye kola pana, na suruali ya bugaluu iliyobana mapajani, ikafunguka chini kiasi cha kufagia barabara. Sasa baba alikuwa ametoka kwenye ugonjwa. Mwanzoni mwa mwaka alilazwa miezi miwili, tumbo likapasuliwa, akarudi nyumbani Ujiji akiwa nusu ya mtu tuliyempeleka. Alipolivaa lile koti na kusimama mbele ya kioo cha kabati, mabega ya koti yalishuka mpaka karibu na viwiko. Alijitazama kwa muda mrefu. Kisha akalivua, akalikunja taratibu, akalirudisha sandukuni.

"Jubilei ihamie mwakani," akasema. "Siendi kusimama altareni watu wakinihurumia. Koti likinikaa nitakwenda. Lisiponikaa, siendi."

Baba si mtu wa kubembelezwa. Ni mzaliwa wa Simbo, mtoto wa wakulima, aliyeshuka ziwani akiwa kijana akashona nyavu za wavuvi pale Kibirizi kwa miaka arobaini. Mtu aliyezoea kukaa chini siku nzima akipambana na tundu moja la wavu hashindwi na maneno ya mke na binti. Mama hakubishana naye. Alikwenda jikoni, nami nikamfuata, nikamkuta anakata vitunguu wakati mboga ilikuwa imekwisha kuiva zamani.

"Usinitazame, ni vitunguu," akasema, na machozi yanamtiririka. Akakata kimoja zaidi. "Eti mwakani. Nani amemwahidi mwakani?"

Nilimwonea huruma. Lakini mama ametokea Ilagala, katika familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo ikiwa na mtumbwi mmoja na kuku watatu, na watu wa namna hiyo hawalii kwa muda mrefu. Alifuta macho kwa upindo wa kitenge, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tutalipeleka koti kwa fundi likapunguzwe bila baba kujua. Yeye atampikia samaki wa migebuka kwa mawese kila siku, na uji asubuhi na jioni. Siku ya siku, koti likimkaa, baba ataamini kwamba mwili umerudi.

"Mama, huo ni uongo," nikasema.

"Ni ushonaji," akasema mama.

Basi siku iliyofuata nikatoka na mfuko wenye suti na gauni. Baba aliambiwa nguo zinakwenda kufuliwa, na kwa gauni ilikuwa kweli tupu, maana lilikuwa na doa la mawese pale mapajani tangu jubilei ya fedha. Nilianzia kwa fundi mmoja mzee hapo hapo Ujiji, anayeshonea barazani kwake na cherehani ya miguu. Nilimwamkia, akaitikia, akalishika koti, akaligeuza ndani nje, akalipapasa kama mtu anayechagua papai.

"Mwenye koti yuko wapi nimpime?"

"Mzee, mwenye koti hatakiwi kujua."

Akacheka. "Mwanangu, mimi nashonea watu, sishonei hadithi. Niletee kipimo." Akanikatia kipande cha kamba nyembamba, akanieleza nikizungushe kifuani nifunge fundo, kiunoni nifunge fundo, halafu kutoka bega hadi bega nifunge la tatu.

Kumpima baba bila yeye kujua ni kazi ambayo nisingeiweza. Niliikabidhi kwa binti yangu, aliyekuwa amekuja likizo kutoka chuoni. Yeye na babu yake wana utani wao tangu alipoanza kutambaa: yeye ndiye mke mdogo, bibi ndiye mke mkubwa mwenye wivu. Aliingia barazani na kamba imefichwa kiganjani, akaanza kulalamika.

"Mume wangu, yaani nimetoka safari hata kunikumbatia hutaki?"

"Mke gani anafika jana asubuhi halafu anakuja kunisalimia leo?" akasema baba, akifungua mikono.

Akamkumbatia kifuani. Akasema hilo lilikuwa la salamu, sasa bado la msamaha, akamkumbatia kiunoni. La mwisho alijifanya anamkanda mabega kwa sababu mke mkubwa hamtunzi ipasavyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitokwa jasho, mimi ninayekamata watu kwa kuficha vitu. Mtoto akatoka na kamba yenye mafundo matatu, akanipa huku akicheka kimya kimya, nikaipeleka kwa fundi.

Siku mbili baadaye fundi alinipigia simu akaniambia niende. Nilidhani koti limeharibika. Kumbe koti lilikuwa tayari, limening'inia ukutani. Alichotaka nikione ni gauni, nililomwachia pamoja na suti. Kwapa lilikuwa limefumuka kidogo, na alipolifungua mshono ili aliunge vizuri, alikuta kitu.

"Tazama hapa," akasema.

Ubavuni, kuanzia kwapani mpaka nyongani, palikuwa na ukanda wa kitambaa kingine, pamba nyeupe ya kawaida kama ya mfuko wa unga, upana wa vidole vinne. Ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa ujanja hivi kwamba mvaaji asiponyanyua mikono juu kabisa, huwezi kuuona. Ubavu wa pili ulikuwa nao pia.

"Gauni hili liliongezwa zamani sana," akasema fundi. "Na aliyeliongeza hakuwa fundi cherehani. Ni mkono mtupu. Halafu ona, kila baada ya mishono michache amefunga fundo. Nimeshona maisha yangu yote, sijaona mtu anayefunga mafundo kwenye gauni."

Mimi nilikuwa nimeyaona, maelfu kwa maelfu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikikaa mchangani mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, nimeukanyaga ukingo wa wavu kwa kidole gumba ili usicheze, na baba mbele yangu anapitisha sindano, anazungusha, anafunga, anavuta kwa meno. Uzi wenyewe ulikuwa ule ule wa naironi, mweupe, wa nyavu.

Nilicheka mpaka bodaboda aliyekuwa anapita akasimama akidhani namwita. Kisha nikakasirika. Miaka ishirini na mitano! Wali wote ule niliouacha kwenye sahani! Pipa! Na mwanamke anayeniita pipa alikuwa ameingia kanisani na vidole vinane vya kitambaa cha nyongeza, wala hajui.

"Vitambaa vyenyewe vimeoza," fundi akaendelea, "haviwezi kuvumilia kucheza ngoma. Nivitoe, au niweke vingine? Nikivitoa, gauni linarudi kipimo chake cha kwanza."

Sitaficha, nilifikiri. Ingetosha kusema "vitoe." Mama angelijaribu, lisingepita hata nyongani, na ukweli ungekuwa mezani bila mimi kufungua mdomo. Nilifurahia wazo hilo kwa muda. Lakini nikawa namwona baba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, amejibanza nyuma ya rundo la nyavu pale Kibirizi ili wenzake wasimwone anavyoshona gauni la kike. Lazima alikuwa amemwona mama mahali fulani akilijaribu na likakataa. Labda mama naye siku hiyo alikuwa na vitunguu vyake. Baba hakusema neno, alichukua sindano tu. Hasira zote zikaniishia, nikabaki nampenda baba yangu.

"Weka vipya," nikamwambia fundi. "Na uzi uwe wa nyavu."

"Na mafundo?"

"Na mafundo."

Alinitazama juu ya miwani. "Nyumba yenu, mwanangu, ina mambo," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Lilibaki doa. Hapo kosa ni langu, simsingizii mtu. Jirani yangu mmoja aliniambia kwamba doa la mawese hutolewa kwa sabuni ya mawese, kwani dawa ya moto ni moto. Nilikuwa na haraka, na msemo ulisikika vizuri, nikasugua kwa nguvu zote. Doa lililokuwa na ukubwa wa sarafu likawa na ukubwa wa kisahani cha chai, na rangi yake ikachangamka. Nikalibeba mbio kwa dobi, mzee anayefulia karibu na stesheni ya reli Kigoma mjini, mwenye mikono iliyopauka kwa miaka ya maji na sabuni.

"Umelilisha hili," akasema alipoliona. "Lilikuwa limelala, umeliamsha na kulipa chakula." Alilifua mwenyewe kwanza mafuta yatoke, rangi ya chungwa ikabaki pale pale, akanirudishia likiwa bichi. "Rangi ya mawese haiogopi sabuni, inaogopa jua. Lianike kwenye jua kali siku mbili, likikauka lirushie maji. Usilianike kivulini kwa kulionea huruma."

Nikajiona mjanja. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo vichanja vya kukaushia dagaa pale ufukweni vilikuwa vitupu, vimetazama jua tangu asubuhi mpaka jioni. Nikakifuta kimoja kwa maji, nikalitandaza gauni, nikakaa pembeni na mwavuli na kopo la maji kufukuza mbuzi na kunguru. Siku ya kwanza doa likafifia. Siku ya pili saa tisa alasiri nililitafuta kwa macho, kisha kwa miwani, sikuliona. Krimplini ilikuwa imerudi nyeupe kabisa. Nilisimama pale mchangani nikajipongeza kwa sauti.

Nililipitisha ofisini nichukue mkoba wangu. Mwenzangu wa meza ya pili akainua kichwa. "Nani ameleta dagaa humu?"

Nimekulia mwaloni. Pua yangu ilikwisha kuacha kuwasikia dagaa kabla sijaanza darasa la kwanza, kama vile mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake. Gauni la mama, jeupe namna ile, lilikuwa linanuka kama gunia linalosubiri meli. Dobi alicheka mpaka akakaa chini. Alilifua tena mara mbili kwa maji ya ndimu, kisha akanielekeza kwa yule yule fundi wa Ujiji, kwa mkewe. Mke huyo wa fundi alilitandaza juu ya tenga, akaweka chetezo chini na udi na ubani, akalifukiza kutwa nzima kama la bibi harusi. Mama alipolipokea, siku mbili kabla ya jubilei, alilinusa kwa mashaka.

"Mbona linanukia arusi ya Waislamu?"

"Mama, wewe shukuru," nikamwambia, na sikueleza.

Siku ya jubilei tuliwavika asubuhi, kila mmoja chumba chake. Mama alitangulia kumaliza, akaja kusimama mlangoni kwa baba na gauni lake, mikono ameishikanisha kifuani. Baba akapenyeza mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili, akafunga vifungo. Mabega yakakaa mahali pake, kiuno kikashika, na bugaluu ikashuka vizuri mpaka kwenye viatu. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akajipigapiga tumbo.

"Kweli," akasema. "Mwili umerudi."

Mama alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia ng'ambo ya ziwa. "Migebuka! Si nilikwambia migebuka!" Akatoka mbio uani kuwatangazia majirani na wajukuu, sauti yake ikipanda na kushuka, kicheko katikati.

Nikabaki namnyooshea baba kola. Akashika upindo wa koti, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa ndani polepole, kama alivyokuwa akiupitisha kwenye wavu akitafuta tundu.

"Fundi mzuri," akasema. "Ila kwapa la kushoto amelikaza kidogo."

Mikono yangu ikasimama kwenye kola.

"Mwanao alinikumbatia na kamba," akaendelea kwa utulivu. "Nimeshika kamba miaka arobaini, mwana wanje. Itanipita mgongoni nisijue?"

"Baba! Kwa nini hukusema?"

Akainua kidole kuelekea uani, ambako mama alikuwa anamweleza mtu kwa mara ya tatu habari za migebuka. "Msikilize. Tangu nilazwe hajacheka namna hiyo." Kisha akanitazama usoni, maana ananijua. "Usimwambie."

"Sitamwambia."

Akashusha macho kwenye viatu vyake. Halafu akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na gauni?"

"Lilikuwa limechoka ubavuni. Nimeagiza lirudishwe kama lilivyokuwa."

"Na uzi?"

"Wa nyavu."

"Ego," akaitikia baba kwa Kiha chake. Akanishika mkono, akaubana mara moja, tukatoka.

Walisimama altareni na hakuna aliyemhurumia mtu. Baadaye, uani kwetu, kulikuwa na wali, migebuka na muziki, na wajukuu walipanga foleni kupiga picha na bugaluu. "Babu umetisha!" walimwambia, na mmoja aliiomba suruali airithi babu mwenyewe angali hai. Binti yangu alilalamika mbele ya wageni kwamba mume wake amemwoa tena mke mkubwa bila kumtaarifu. Mama alicheza. Alinyanyua mikono juu kabisa, na mimi niliyekuwa natafuta, nikauona kwa nukta moja ule ukanda mweupe, mpya, umeshika imara.

Wimbo ulipokwisha alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, anahema, jasho linameta usoni, mzuri sana. Alisimama mbele ya shangazi zangu na majirani wote, akajishika kiuno.

"Mmeona? Miaka hamsini. Gauni lile lile, na limeingia lenyewe." Akanigeukia, akaitazama sahani yangu. "Ila huyu binti yangu, kazaa wawili tu..."

Upande wa pili wa uani, baba alikuwa ameketi na suti yake, glasi ya soda imesimama nusu ya safari kwenda mdomoni. Alikuwa ananitazama mimi. Katika kazi yangu yote sijawahi kupitisha mzigo ninaojua kilichomo ndani na kuandika kingine.

"Kweli, Mama," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Limeingia lenyewe. Halikusukumwa."

Baba akanywa soda yake. Mama akanipigapiga begani kwa kuridhika, akaendelea na meza nyingine, nami nikavuta bakuli nikajiongezea wali.